Dereva Anapochoka Njiani: Kutambua Chanzo Kabla ya Kutafuta Dawa

Mwezi wa Septemba, mwaka ambao nilikuwa bado naendesha lori la kukodi, nilitoka Dodoma mjini saa 7 mchana kuelekea Singida nikiwa na Fuso iliyobeba saruji. Niliipita Bahi, nikawaona akina mama wanaouza mchele kando ya barabara, na jambo linalofuata katika kumbukumbu yangu ni gari kuanza kupanda mlima wa Saranda likilalamika kwa gia isiyo yake. Kati ya Bahi na mlima huo pana Kintinku, mji mdogo wenye watu wanaovuka barabara na baiskeli zinazochomoza ghafla kutoka vichochoroni. Nilikuwa nimeupita mji huo mzima bila kuuona. Tingo wangu, yaani msaidizi wa lori, aliniambia kwamba nililiruka tuta bila kugusa breki, naye akanyamaza kwa kudhani kwamba nina haraka. Macho yangu yalikuwa wazi wakati wote, mikono ilikuwa kwenye usukani, na kama ningeulizwa pale pale ningeapa kwamba sina usingizi.

Tangu siku hiyo nimejifunza kwamba neno "uchovu" tunalolitumia barabarani linafunika mambo kadhaa yasiyofanana, ambayo kila moja lina chanzo chake na dawa yake. Usingizi uliokosekana hulipwa kwa usingizi tu. Kiu hutibiwa kwa maji, moshi unaoingia ndani ya gari hutibiwa na fundi, na mgongo uliokakamaa hutibiwa kwa kushuka na kutembea. Dereva anayekosea chanzo hukosea na dawa: kahawa haimsaidii kitu mtu anayevuta moshi wa ekzosi, na hewa safi ya dirishani haimwokoi mtu ambaye hakupata lepe la usingizi usiku kucha. Kwa sababu hiyo, maelezo yanayofuata yanaanzia kwenye dalili, yaani kile ambacho wewe au uliyepanda naye mnaweza kukiona, kisha yanarudi nyuma kutafuta sababu.

Macho yako wazi, lakini hukumbuki kijiji ulichopita

Hii ndiyo dalili ninayoiogopa kuliko zote, kwa kuwa haiumi wala haimsumbui mwenye nayo. Ubongo uliokosa usingizi hujikatia wenyewe vipande vidogo vya kulala, vya sekunde moja, mbili, pengine hata zaidi ya kumi, bila kumwomba ruhusa mwenyewe na wakati mwingine bila kope kufumba. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 katika kila sekunde, kwa hiyo usingizi wa sekunde 4 ni karibu mita 90 ambazo gari limejiendesha lenyewe. Katika mita 90 za barabara ya Singida panaweza kuwapo kundi la ng'ombe, lori lililoharibika na kuwekewa matawi ya miti kama tahadhari, au mtoto aliyetumwa dukani.

Dalili hii ina vyanzo viwili ambavyo ni lazima vitofautishwe. Cha kwanza ni deni la usingizi. Cha pili ni barabara yenyewe, hasa vipande virefu vilivyonyooka kama vile vya baada ya Manyoni, ambako vichaka vya kushoto vinafanana na vya kulia, mngurumo wa injini haubadiliki, na dereva hana cha kufanya isipokuwa kushika usukani. Njia rahisi ya kuvipambanua ni kusimama mahali salama, kushuka, kutembea kwa dakika kumi, kunywa maji na kuendelea. Ikiwa kilichokuzubaisha kilikuwa barabara tu, akili itarudi na itakaa, hasa ukibadilisha mwendo na kuanza kuangalia vioo kwa makusudi. Ikiwa dalili inarudi ndani ya dakika kumi na tano au ishirini, hiyo si barabara tena, ni usingizi, na kuanzia hapo hakuna hila itakayofanya kazi.

Ninapenda kipimo cha jina la kijiji kwa sababu kinapima kumbukumbu badala ya kumuuliza dereva anajionaje, na dereva mwenye usingizi ni shahidi mbaya wa hali yake mwenyewe. Kila baada ya nusu saa, anayekaa kiti cha mbele aulize: tumepita wapi mara ya mwisho, na kibao cha mwisho kilisema nini? Jibu likichelewa, au likiwa la kubahatisha, gari lisimame kwenye mji unaofuata. Dereva aliye peke yake ajiulize kwa sauti. Ukishindwa kujijibu mwenyewe, usijitafutie udhuru.

Yapo mambo mengine ambayo aliyepanda huyaona kabla ya dereva kuyahisi. Mwendo unapanda hadi 95, unashuka hadi 70, unapanda tena bila mlima wala sababu. Tairi la kushoto linaanza kuugusa mstari wa pembeni, kisha usukani unakatwa kwa kushtukia. Breki zinakanyagwa kwa kuchelewa nyuma ya lori lililoonekana tangu mbali. Dereva mpole anaanza kuwatukana waendesha bodaboda. Anapiga miayo mfululizo, anafikicha macho, anabadilisha mkao kila dakika. Kichwa kikishaanguka mbele na kushtuka, muda wa tahadhari umekwisha, kwa maana hapo mtu ameshalala na ameamka kwa bahati.

Siku ile ya Kintinku niliegesha Manyoni, na mama lishe aliyenipokea alinitazama kabla hata sijakaa, akasema, "Kaka, hayo macho yako siyo ya kuendeshea gari." Nilimjibu kwamba ni vumbi. Hakubishana nami, aliniwekea maji ya kunawa uso na mkeka nyuma ya banda. Nililala kwa saa moja na nusu, na nilipoamka ndipo nilipotambua jinsi nilivyokuwa nimechoka.

Kufungua dirisha, kuongeza sauti ya redio, kujipiga makofi, kutafuna karanga, kuimba na kumwagia uso maji ni mambo ambayo kila dereva ameyafanya. Yanakuamsha kwa dakika chache, na dakika hizo zina kazi moja tu halali, ambayo ni kukufikisha kwenye sheli au mji wa karibu ili uegeshe. Anayezitumia kumalizia kilomita 150 anaudanganya mwili uliokwisha kumpa taarifa.

Usingizi unakuja saa zilezile kila safari

Mwili una saa yake, nayo haifuati ratiba ya bosi wala ya stendi. Kati ya saa 8 usiku na saa 12 alfajiri wepesi wa mwili na akili hushuka, hata kwa mtu aliyezoea zamu za usiku. Mchana, takriban kuanzia saa 8 hadi saa 10, kuna mshuko mwingine mdogo zaidi. Wengi huulaumu ugali wa mchana, na ni kweli kwamba sahani kubwa ya ugali na nyama huongeza uzito, lakini mshuko huo huja hata kwa asiyekula. Safari yangu ya Septemba ilianza saa 7. Nilifika eneo la Bahi saa 8 hivi, tumbo likiwa limejaa, juu ya barabara yenye joto linalocheza mbele ya kioo. Nilikuwa nimejipangia ajali bila kujua.

Kwa hiyo, kama usingizi wako huja mara kwa mara katika saa hizo, tatizo lako liko kwenye ratiba, na ratiba hurekebishwa nyumbani. Hapa sina budi kusema neno juu ya desturi yetu ya kudamka. Familia inataka kwenda Mwanza au Arusha, inaamua kuondoka saa 10 alfajiri ili "kuwahi", kisha baba anafunga mizigo, anakagua matairi na kujibu simu hadi saa 6 usiku. Amelala kwa muda wa saa tatu na nusu tu, anashika usukani katika saa ambayo mwili uko chini kabisa, na anajisifu kwamba barabara ni nyeupe. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 za usingizi. Ukitaka kuondoka saa 10, uwe umeshalala kabla ya saa 3 usiku, mizigo ikiwa imefungwa tangu mchana. Kama hilo haliwezekani, ondoka saa 12 au saa 1 asubuhi, na saa mbili au tatu ulizochelewa kuondoka zitakulipa njiani.

Tatizo la Ijumaa jioni ni la Dodoma hasa. Tangu Serikali ilipohamia hapa, watumishi wengi wanafanya kazi Dodoma huku familia zao zikibaki Dar es Salaam, umbali wa takriban kilomita 450. Tuchukue mtumishi aliyeamka saa 11 alfajiri, akafanya kazi kutwa, akatoka ofisini na kuondoka mjini saa 11 jioni. Atapita Kibaigwa giza likiwa limeingia, Gairo atakuwa amechoka, Morogoro atasema "zimebaki chache", na ikiwa malori hayajamchelewesha atafika Dar baada ya saa 6 usiku. Anapoingia kipande cha mwisho, chenye magari mengi zaidi kuliko vyote, amekuwa macho kwa zaidi ya saa 17. Watafiti waliopima jambo hili wameona kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hupungukiwa na wepesi wa akili na mikono kwa kiasi kinacholingana na mtu mwenye kilevi cha gramu 0.05 katika kila mililita 100 za damu, kiasi ambacho nchi nyingi zimekiweka kuwa mwisho wa dereva kuruhusiwa barabarani. Akikaa macho saa 24, hali yake hulingana na gramu 0.10. Mtumishi huyo hajagusa bia hata moja, na angekasirika kama angeambiwa anaendesha kama mlevi.

Kwa safari hiyo kuna ufumbuzi ambao zamani haukuwapo, yaani treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024. Anayelazimika kwenda na gari alale Dodoma usiku wa Ijumaa aondoke asubuhi, au agawe njia na mwenzake mwenye leseni, mmoja akiendesha hadi Morogoro na mwingine akimalizia.

Safari ya msiba ni nzito zaidi, na nalisema hili kwa heshima, kwa kuwa nimewahi kuwa dereva wa safari hiyo. Ndugu amefariki mjini, waombolezaji wamekesha siku mbili, mwili unasafirishwa usiku kwenda kuzikwa kijijini, na usukani anapewa mpwa au shemeji "anayeijua njia", ambaye naye alikesha, alibeba maturubai, alilia na hakula. Huzuni nayo huchosha, tena kwa namna ambayo mtu haitambui kama uchovu. Familia ikikaa kupanga michango, jambo la kwanza kuandikwa baada ya jeneza liwe dereva: nani ataendesha, na leo analala wapi ili asiamshwe. Huyo aondolewe kwenye mkesha kwa amri ya wazee, kwa sababu mwenyewe ataona aibu kuomba kulala wakati wenzake wanalia. Kama hapatikani mtu aliyelala, gari likodishwe pamoja na dereva wake, na aulizwe waziwazi jana yake alikuwa safari gani.

Mabasi yaliruhusiwa tena kusafiri usiku mwaka 2023, na kanuni zinataka basi la safari inayozidi saa 8 liwe na madereva wawili. Ni kanuni nzuri, lakini abiria na wamiliki wakumbuke kwamba dereva wa pili aliyekaa kwenye kiti cha kondakta akizungumza na mwenzake hajapumzika. Kulala akiwa amekaa, huku basi likiyumba na honi zikilia, ni nafuu kidogo tu. Mwenye zamu ya saa 8 usiku ndiye anayepaswa kulala kitandani mchana wake.

Ulilala vizuri, hujaenda mbali, na bado kope ni nzito

Uliza kwanza umemeza nini. Piritoni, dawa nyingi za mafua na kikohozi, na zile za kuzuia kutapika safarini huleta usingizi, na baadhi yake humlemea mtu hadi asubuhi ya pili. Mweleze mfamasia kwamba unaendesha, naye atakupa dawa isiyolevya kama ipo. Pia kuwa macho na homa inayoanza: viungo vinauma, mwili unakosa nguvu, na dereva anasema ni uchovu wa safari kumbe ni malaria. Kipimo chake huchukua dakika chache katika zahanati.

Anayelala kwa saa 8 kila siku na bado anasinzia mchana, hasa kama mwenzi wake analalamika kwamba anakoroma kwa nguvu, kisha ananyamaza kana kwamba pumzi imekatika, kisha anashtuka akitafuta hewa, huenda ana ugonjwa unaotibika. Njia ya hewa kooni hujifunga usingizini, na mwili huamka mara nyingi bila mwenyewe kukumbuka, kwa hiyo saa zake 8 ni za jina tu. Madereva wanene wenye shingo nene wako kwenye hatari zaidi. Waende hospitali ya mkoa au ya rufaa waeleze hivyo hivyo, wala wasione haya, kwa maana huo si uvivu.

Kichwa kinauma na gari zima linasinzia

Dereva akisinzia peke yake, chanzo kinaweza kuwa chochote kati ya vilivyotajwa. Watu wote ndani ya gari wakisinzia kwa pamoja huku vichwa vikiwauma, wengine wakihisi kichefuchefu, ondoa shaka zote na simamisha gari mara moja, fungua milango yote minne na washushe watu.

Tulikuwa tunarudi Dodoma kutoka Kondoa katika gari la zamani la shemeji yangu, mlango wa nyuma ukiwa umefungwa kwa kamba kwa sababu kitasa kilikuwa kimekatika na ndani tulikuwa tumepakia mbuzi wawili. Watoto walilala, jambo ambalo hakuna aliyelishangaa. Dada yangu akasema kichwa kinamgonga, akasinzia naye. Mimi nilihisi uzito wa macho nikaanza kutafuta pipi mfukoni. Kilichotuokoa ni mtoto mdogo aliyeamka na kutapika, tukasimama kumsafisha, na tulipokuwa nje kwa dakika kumi sote tukahisi kama tumevuliwa kofia ya chuma. Mbuzi walikuwa wamelala kifudifudi. Mjini, fundi aliziba mdomo wa ekzosi kwa kitambaa kinene injini ikiwa inanguruma, akainama na kusikiliza. Sauti ya "fsss" ilitoka chini ya sakafu ya nyuma, mahali ambapo bomba lilikuwa limeoza kwa kutu, na kipande cha kutu kikamdondokea kiganjani alipokigusa.

Gesi inayoua katika moshi huo, yaani kabonimonoksaidi, haina rangi wala harufu. Inachukua nafasi ya oksijeni katika damu, na mwathirika anaweza kudhani ni usingizi tu. Mlango wa nyuma ulioachwa wazi kidogo ni hatari kwa namna yake, kwa kuwa gari linapokwenda hewa ya nyuma huvutwa ndani pamoja na moshi. Kabla ya safari ndefu, muombe fundi afanye kipimo cha kitambaa. Ni kazi ya dakika tano. Kwa sababu hiyo hiyo, asilale mtu ndani ya gari lililofungwa vioo huku injini ikiwaka, hata kama ni kwa ajili ya kiyoyozi. Aliyechanganyikiwa, aliyezimia, au ambaye maumivu ya kichwa hayapungui baada ya kupata hewa apelekwe hospitalini, na daktari aambiwe kuhusu moshi.

Kisa chepesi zaidi cha aina hii ni kiyoyozi kilichowekwa kuzungusha hewa ya ndani tu. Watu watano katika gari dogo huichosha hewa hiyo upesi. Bonyeza kitufe cha kuingiza hewa ya nje, au fungua kioo kwa dakika mbili kila baada ya muda.

Kiu nayo hujifanya usingizi. Dodoma ni kukavu, jasho hukauka kabla hujaliona, na dereva huona kwamba hatoki jasho hivyo hahitaji maji. Zaidi ya hapo, wengi hujinyima maji makusudi ili wasisumbue wenzao kwa kusimama kuchimba dawa kila mara. Angalia rangi ya mkojo unaposimama: ukiwa wa njano iliyokolea, kunywa kidogo kidogo katika saa inayofuata badala ya kunywa chupa nzima kwa mkupuo. Jua la machoni huchosha vivyo hivyo. Anayekwenda Singida jioni hulikabili jua la magharibi kwa zaidi ya saa moja, na anayekwenda Morogoro asubuhi hulikabili likichomoza. Safisha kioo ndani na nje, vaa miwani ya jua, na uivue mara giza linapoanza.

Kwenye pikipiki: vidole vimekufa ganzi na shingo imekakamaa

Mwendesha pikipiki huchoka kwa njia ambazo dereva wa gari hazijui. Upepo unamsukuma kifua muda wote naye anausukuma kwa shingo na mikono. Mtetemo wa injini unapita viganjani. Kelele za upepo ndani ya kofia ngumu zinachosha ubongo hata asipozisikiliza. Vidole vikifa ganzi, chunguza kwanza kama unaukaba usukani. Waendeshaji wengi wa safari za kwenda Mpwapwa au Kondoa hushika mpini kana kwamba utawatoroka. Legeza viwiko, shikilia tangi kwa magoti, na angalia kama matairi yamejazwa upepo kupita kiasi au kama ekseli ya gurudumu imelegea, kwa kuwa mtetemo uliozidi una chanzo cha kifundi. Ukikosa hisia ya kutosha kuijua klachi, simama, kwa sababu mkono huo huo ndio utakaohitajika ng'ombe akivuka.

Baridi ndiyo inayodharauliwa zaidi. Miezi ya Juni na Julai, upepo wa Singida alfajiri unapenya koti lolote lisilozibwa vizuri kifuani, na mwili uliopoa hupunguza kasi ya mawazo taratibu: unaanza kutetemeka, kisha unazubaa, kisha unaona uvivu hata wa kubadilisha gia. Hapo usitafute kahawa peke yake. Tafuta ukuta wa kukukinga upepo, vaa nguo nyingine, weka gazeti au nailoni ndani ya koti kifuani, na ungoje jua litoke. Mchana wa Oktoba tatizo ni kinyume chake, lakini kosa la kuvua koti na kuendesha na fulana hukausha mwili haraka zaidi. Vaa shati jepesi la mikono mirefu na ulilowanishe maji.

Aliyepakiwa nyuma naye huchoka, na kwake kusinzia ni kuanguka. Dalili utaihisi mwenyewe: kofia yake inaanza kugonga yako kila mnapopita shimo, au mikono iliyokushika kiuno inalegea. Usimwamshe kwa kupiga kelele huku ukiendesha. Punguza mwendo, toka kabisa barabarani, mshushe mtembee. Mtoto asifungwe kwa khanga mgongoni kwa mtu kwa safari ya saa nyingi kwa imani kwamba khanga itamshikilia akilala.

Pikipiki nisiyotaka kuona ikitoka mkoa hadi mkoa ni ile ambayo mwenyewe ameshafanya kazi ya bodaboda kutwa nzima. Amekwisha kuendesha kwa saa 10 kabla ya kuanza.

Umeegesha, sasa ulale vipi

Chagua sheli yenye mlinzi na taa, maegesho ya malori au eneo la kituo cha polisi. Kibaigwa, Gairo, Manyoni na Singida mjini hazikosi mahali pa namna hiyo. Kando ya barabara gizani siyo mahali pa kulala, kwa kuwa dereva mwingine mwenye usingizi kama wako anaweza kuzifuata taa zako. Zima injini, acha vioo wazi kidogo, funga milango na mwombe mlinzi akuangalie.

Kama una kahawa, inywe kabla ya kulala. Huchukua karibu nusu saa kuanza kufanya kazi, na katika muda huo unaweza kulala dakika 15 hadi 20, ukaamka vyote viwili vikikutana. Tega kengele ya simu. Ukilala kwa muda unaozidi nusu saa bila kufikia saa moja na nusu, unaweza kuamka ukiwa mzito kuliko mwanzo, na hata usingizi mfupi huacha uzito wa dakika kadhaa, kwa hiyo usiwashe gari mara ufumbuapo macho. Nawa uso, zunguka gari ukikagua matairi na taa, ndipo uondoke baada ya robo saa. Kahawa ya jioni hubaki mwilini kwa saa nyingi na itakuharibia usingizi wa usiku, ambao ndio unaouhitaji kesho. Vinywaji vya kuongeza nguvu vinafanya kazi hiyo hiyo na vina sukari nyingi juu yake. Mirungi ni marufuku kisheria na huficha usingizi bila kuuondoa. Mirungi inapoisha nguvu, dereva huanguka kama aliyekatwa.

Baada ya kuondoka, jipime tena kwa jina la kijiji. Ikiwa dalili zimerudi kabla ya nusu saa kwisha, usilale tena dakika 20 kwa mara ya pili na ya tatu ukitarajia muujiza. Deni ni kubwa, na linahitaji kitanda na usiku mzima. Tafuta gesti katika mji huo huo. Kisha mpigie anayekusubiri kabla yeye hajakupigia, mwambie umelala Manyoni na utaondoka saa 1 asubuhi, ili simu yake isikuamshe saa 5 usiku kukuuliza umefika wapi.